Vijiti Mia Sita Vilivyong'arishwa

Jirani yetu Mama Shukurani anasema kwamba kijiti cha serikali kilipochovywa kwenye juisi ya rosela ya mama yangu, kilipiga kelele kama mbuzi anayeburutwa. Anasema moshi ulitoka kwenye jagi. Anasema afande alirushwa nyuma hatua tatu, kofia yake ikaangukia kwenye ndoo ya maganda, na mama yangu akapanda juu ya benchi akalitukana taifa mpaka likaisha. Haya ameyasema bombani, ameyasema kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na Jumapili akayasema kanisani wakati wa kutoa shukrani. Kila akirudia, yule mbuzi anaongezeka mwili. Wiki hii amefika ng'ombe.

Mimi simbishii. Mama Shukurani ni balozi wa nyumba kumi, na katika nchi yetu balozi akisema ameona, basi ameona, hata kama siku yenyewe alikuwa amejifungia chooni toka aliposikia gari la serikali likikata kona.

Nataka kuongeza kidogo tu. Kijiti kile nakijua. Nilikisugua mimi.

*

Nchi yetu, kwa wasioijua, ni nchi safi. Mgeni mkubwa akitangazwa, tunapaka chokaa. Tunapaka mawe ya kando ya barabara, tunapaka mashina ya miti mpaka usawa wa kiuno, tunapaka matairi yaliyozikwa nusu mbele ya shule. Mwaka juzi, Makamu wa Pili alipopita, Mzee Mbwilo wa duka la chumvi alikuwa amelala kibarazani, akapakwa mguu wa kushoto. Alipoamka alilalamika. Akapewa cheti cha ushiriki, akanyamaza.

Nilipomaliza darasa la saba nilikaa miaka minne nikimsaidia mama kuchemsha rosela na kuchuja. Kisha nikapata kazi ya usafi katika Kituo cha Taifa cha Kupima Vinywaji. Kazi zangu zilikuwa tatu: kudeki, kuosha vyombo, na kunyamaza. Hiyo ya tatu ndiyo niliyosifiwa zaidi.

Kituo kilianzishwa baada ya Waziri wa Vinywaji kurudi safari. Alihutubia uwanjani, jua la saa saba, sisi tumesimama, yeye chini ya turubai.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Miili yenu ni mabati! Bati likiachwa, linaliwa na kutu! Ndani ya kinywaji bora mna kitu kinaitwa antioksidanti, na hicho ndicho rangi ya bati lako! Kuanzia leo, hakuna raia atakayepata kutu bila ya serikali yake kujua!"

Tukapiga makofi. Kijana mmoja akauliza, "Na mwenye nyumba ya nyasi je?" Akasaidiwa kuondoka.

*

Vijiti vililetwa na Dakta Kishalu, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba, ambaye alivitengeneza mwenyewe kwa miaka sita. Kila kijiti ni chembamba kama njiti ya kiberiti iliyobanwa bapa, cheupe chote isipokuwa ncha, ambayo ni nyeusi. Alisimama mbele ya maofisa kumi na moja akawaeleza. Tisa walikuwa wanaangalia simu, mmoja alikuwa anaangalia saa, na wa kumi na moja alikuwa amefumba macho ili asikie vizuri. Mimi nilikuwa nadeki.

Alisema ule weusi ni unga wa kaboni uliochanganywa na chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba ukizimwaga laki moja juu ya ukucha utafikiri ukucha ni mtupu. Ukichovya kijiti kwenye kinywaji na kukipitishia umeme kidogo, ile antioksidanti inaachia umeme wake, weusi unaupokea, na mashine inaandika namba. Kinywaji kikiwa nayo nyingi, namba inapanda. Kikiwa hakina, inakaa chini.

"Dada, wewe umenielewa?" akaniuliza ghafla.

Nikasimamisha dekio. "Nimeelewa kwamba ule weusi ndio ulimi wa kijiti. Bila ulimi hakiwezi kuonja."

"Hasa!" akasema, akafurahi mpaka nikaona aibu. Kisha akawageukia wale wengine. "Jamani, weusi huu usiguswe. Si kwa kidole, si kwa kitambaa. Ukitoka, kijiti kimekufa. Na kila kimoja ni cha kuchovya mara moja tu."

Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Luponelo, akafungua macho. Yeye ndiye aliyekuwa wa kumi na moja. "Daktari," akasema, "nyumba hii haifundishwi usafi."

Wiki iliyofuata Dakta Kishalu alipandishwa cheo. Akapelekwa wilaya ya mpakani kuwa Afisa Ngoma.

*

Siku tatu baadaye ikatangazwa kwamba Waziri anakuja kuzindua. Chokaa ikaletwa na lori. Tulipaka mawe, tulipaka minazi, tulipaka bomba la maji. Mbwa wa mlinzi alipakwa nusu kwa bahati mbaya, wakaona heri wammalizie. Ndipo Mheshimiwa Luponelo akapita kukagua maabara, akavuta droo.

"Mwajabu!"

"Abee."

"Hivi ni nini?"

"Vijiti, mheshimiwa."

"Vijiti naviona. Nauliza hivi vyeusi huku mwishoni."

"Ndio weusi wa kupimia, mheshimiwa. Dakta alisema—"

"Dakta yupi? Yule wa ngoma?"

"Huyo huyo."

"Umesoma mpaka wapi wewe?"

"La saba."

"Mimi nina shahada mbili na cheti cha uongozi cha wiki sita, ng'ambo. Na ninaona masizi." Akakiinua kimoja juu dirishani. "Nimepaka chokaa mpaka mbwa, Mwajabu. Mpaka mbwa! Halafu nimfungulie Waziri droo ya masizi, kama mwiko uliounguza ubwabwa? Unataka nile wapi?"

"Mheshimiwa, nikiutoa ule weusi, kijiti kitaonja na nini?"

Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyeuliza jua linalala wapi. "Kitaonja na usafi," akasema.

Basi nikasugua. Nilisugua kwa majivu na waya wa sufuria, siku mbili, vijiti mia sita. Nisijidharau: nilisugua vizuri. Vilitoka vyeupe kama meno ya tangazo la dawa. Ule weusi haukupotea, ulihama tu. Uliingia kwenye mizizi ya kucha zangu ukakaa, na hata kwa limau haukutoka.

Viwili zaidi viliniponyoka kabla sijavisugua, vikaingia kwenye ufa nyuma ya sinki. Nilivitoa baadaye kwa kibanio cha nywele, ncha zao nyeusi bado. Hakuna aliyeniuliza kuhusu hivyo viwili, na mimi kazi yangu ya tatu mnaijua.

*

Siku ya uzinduzi wakapanga meza ndefu. Kahawa ya wazee wa kona ya posta, chai ya majani yetu wenyewe, maji ya limau, juisi ya ubuyu, juisi ya miwa, maziwa ya mgando. Mheshimiwa Luponelo akavaa glavu nyeupe. Akachovya kwenye kahawa.

"Sifuri," akasoma.

Chai, sifuri. Limau, sifuri. Ubuyu ulivyo mwekundu vile, sifuri. Mwandishi wa gazeti akaacha kuandika, akisubiri tucheke. Hatukucheka.

Waziri aliitazama mashine. Kisha uso wake ukachanua kama mtu aliyeokota kitu. "Mnaona?" akasema. "Mnaona jinsi wananchi walivyodanganywa? Tangu enzi za babu zao wanakunywa mchana kutwa, na hawanywi kitu! Taifa zima limekuwa likimeza maji ya uongo! Nani alikuwa anajua? Hakuna! Sasa tunajua!"

Makofi. Mke wa katibu mkuu akalia.

Ndipo wakaleta Soda ya Taifa. Soda hii ni nyekundu, inatengenezwa na kiwanda cha shemeji yake Waziri, na ukiimwaga kwenye sakafu ya saruji ile alama inabaki. Najua kwa sababu nimeisugua. Mheshimiwa Luponelo akachukua kijiti kipya, akakifuta kwa leso kwa heshima, akachovya.

Waziri akanyoosha shingo.

"Inasomaje?" Waziri akauliza.

"Mheshimiwa... ni sifuri."

Mlinzi wa Waziri akapeleka mkono kiunoni, sijui alitaka kumpiga nani risasi, soda au mashine. Lakini Mheshimiwa Luponelo hakupata zile shahada mbili bure. Akakohoa, akasema, "Kitaalamu, Mheshimiwa Waziri, sifuri ziko za aina mbili. Iko sifuri ya kukosa, ambayo ndiyo ya kahawa na wenzake. Na iko sifuri ya kutosheka. Kijiti kinapoguswa na Soda ya Taifa, kinaona kutu yote imekwisha, hakuna tena cha kupima. Kinapumzika."

"Kinapumzika," Waziri akarudia, taratibu, kama mtu anayeonja peremende. Akamkumbatia.

Amri ikatoka wiki hiyo hiyo. Anayeuza kinywaji cha sifuri ya kukosa ni mhujumu wa damu, na atapelekwa Kambi ya Tafakari. Atakaa humo akinyweshwa Soda ya Taifa chupa tatu kwa siku, hadi kutu imtoke. Kifungu cha tisa kikasema anaweza kuachiwa mapema, endapo kinywaji chake kitapimwa upya mbele ya Mkurugenzi, kwa kijiti cha serikali, na kufika hamsini. Kifungu cha tisa kiliwekwa ili watu wajue kwamba sheria yetu ina huruma.

*

Sasa nirudi kwenye benchi la mama, ambako Mama Shukurani aliona ng'ombe.

Afande Sangija ni mteja wetu wa miaka mitatu. Siku hiyo alikuja na gari, na mashine mkononi, na kiu. Mama alinisimulia mwenyewe, na mama akisimulia haongezi hata chumvi.

"Mama Mwajabu, nipe ya baridi kwanza," Sangija akasema. Akanywa. "Ongeza." Akanywa. Akajifuta mdomo, akachovya kijiti kwenye jagi. "Mama Mwajabu, sifuri."

"Sifuri ya nini, mwanangu? Umekunywa glasi mbili."

"Nimekunywa kama Sangija. Napima kama serikali."

"Na Sangija anasemaje?"

"Sangija anasema tamu sana, umezidisha tangawizi, usipunguze. Serikali inasema sifuri. Panda gari."

"Ngoja nizime jiko."

"Jiko ni kielelezo, liache liwake."

Mama akapanda. Hakutukana mtu. Kofia haikuanguka. Kitu pekee alichosema akiwa juu ya gari ni, "Mwanangu Sangija, nina sukari. Mwambie atakayenipokea huko."

"Nitawaambia," akasema Sangija. Akasahau. Kazi ni nyingi siku hizi.

*

Kambi ya Tafakari ni shule niliyosoma mimi. Wahujumu wa damu wanakaa kwenye madarasa, na wanafunzi wamehamishiwa chini ya miti, ambayo kwa bahati nzuri ilikuwa imeshapakwa chokaa. Nilimkuta mama kwenye dirisha la darasa la tano B, pamoja na wazee wa kahawa. Alikuwa amenenepa uso, na macho yake yamekuwa kama ya mtu anayeangalia kupitia nailoni.

"Hujambo mama."

"Sijambo. Maji tu. Nakunywa maji mwanangu na kiu haiishi, nakojoa kama mtoto. Na vidole vya mguu huu wa kulia sivisikii. Jana nimeumia na msumari, nimeona damu ndipo nikajua."

Nikamwendea mlezi. Hawaitwi askari, wanaitwa walezi. "Kaka, mama yangu ana sukari. Mwaka wa nane sasa. Hii soda itamuua."

"Ana sukari?" akasema. "Si ndiyo maana anapewa yenye sukari. Mwili unazoea."

"Akikataa?"

"Akikataa ni mgomo. Mgomo unaongeza siku. Siku zinaongeza chupa." Akanihurumia kidogo, akasogea. "Sikiliza dada. Mimi mwenyewe nampa nusu, nyingine namwaga. Lakini wananihesabia vizibo. Fanya haraka."

Nikarudi dirishani. Mama alinishika mkono kupitia nondo, akauona.

"Kucha zako zina nini? Umeanza kuuza mkaa?"

"Kazi tu, mama."

"Kazi gani ya kituo cha serikali inakuchafua hivi?"

Nilimwambia kazi ya usafi. Sikumwambia zaidi. Niliogopa asije akauvuta ule mkono wake, na mimi nilikuwa nauhitaji.

*

Kesho yake, saa ya chakula, maofisa wote walikwenda kula. Nilikuwa nimebeba chupa ya rosela, ya mwisho aliyochemsha mama kabla hajachukuliwa. Nikawasha mashine nilivyomwona Dakta Kishalu akiiwasha. Nikachukua kijiti kimoja kati ya vile viwili vya nyuma ya sinki, nikakishika kwenye kitako, nikachovya.

Themanini na nane.

Nilikaa kwenye ndoo yangu. Namba ilikuwa bado inawaka. Nikaenda kwenye droo nikachukua kimoja cheupe, kilichosuguliwa na mimi vizuri, nikachovya chupa ile ile. Sifuri.

Kwa hiyo mama yangu alifungwa kwa waya wa sufuria. Na mkono ulioushika waya ulikuwa na mimi pale, umelala juu ya goti, na kucha zake.

Cha kwanza kilikuwa kimeshatumika, na Dakta alisema havirudiwi. Kikabaki kimoja. Nikakifunga kwenye karatasi ya fedha ya paketi ya majani ya chai, nikakiweka mfukoni, nikaenda kugonga mlango wa Mkurugenzi.

*

Mheshimiwa Luponelo si mtu mbaya. Nataka hili lieleweke. Msiba wa shangazi yangu alituma maua ya plastiki, na siku ya uzinduzi alimpa mbwa pole.

"Mama yako yuko kambini?" akashtuka. "Kwa nini hukusema mapema? Mtumishi wetu mwenyewe!"

"Naomba kifungu cha tisa, mheshimiwa. Nina kinywaji chake, na kijiti."

"Kijiti cha wapi?"

"Cha hapa hapa. Kiliangukia nyuma ya sinki."

"Basi ni cha serikali. Sinki ni la serikali, na nyuma yake ni ya serikali." Akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Tutafanya rasmi. Sitaki watu waseme nimependelea."

Akamwita Sangija awe shahidi. Akamwita mpiga picha wa idara, kwa sababu huruma ya sheria ilikuwa haijawahi kutumika, na gazeti lingependa. Wale maofisa kumi wakaja wakasimama ukutani. Sangija aliiona chupa, akameza mate.

"Mama Mwajabu hajambo?" akaninong'oneza.

"Mguu wake umekufa ganzi."

Akatazama viatu vyake.

Mashine ikawashwa. Glasi ikawekwa katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe, nikamimina rosela, nyekundu na nzito, na harufu ya tangawizi ikajaa chumbani mpaka ofisa mmoja akaacha kuangalia simu. Mheshimiwa Luponelo akavaa glavu. Nikafungua karatasi ya fedha, nikamkabidhi kijiti kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Akakipokea. Akakiinua dirishani, kwenye mwanga.

"Mwajabu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, ya mzazi. "Hiki kichafu."

"Ndivyo kinavyotakiwa, mheshimiwa. Chovya tu. Mara moja tu, hivyo hivyo."

"Mbele ya picha?"

"Hivyo hivyo, mheshimiwa."

Akatabasamu. Akatoa leso mfukoni, nyeupe, iliyopigwa pasi na kukunjwa mara nne, akaikunjua. Akakisogeza kijiti karibu na mdomo, akaipumulia ile ncha, kama mtu anavyopumulia miwani kabla ya kuifuta.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," nikasema, "nakuomba kwa mama yako na mama yangu. Usikifute."

Mpiga picha akatuambia tuangalie mbele.